ANC walipata 40% tu, mbona Ramaphosa bado rais? Na DA wanapingaje bajeti ya serikali yao wenyewe?

Mkaa Kijiweni

Wakuu habari za jioni. Nina swali ambalo limeleta ubishi hapa kijiweni mpaka watu wanakaribia kununiana. Uchaguzi wa Afrika Kusini wa tarehe 29 Mei 2024 ANC walipata asilimia 40 na pointi kidogo, yani tangu Mandela aingie 1994 ndo mara ya kwanza wanaanguka chini ya nusu, 2019 walikuwa na 57. Sasa kwa akili ya kawaida mtu akipata 40 si maana yake 60 wamemkataa? Lakini Ramaphosa kaapishwa zake Pretoria tarehe 19 Juni kama vile hakuna kilichotokea. Hilo moja.

La pili ndo linanichanganya zaidi. DA miaka yote ndo wapinzani wakuu, safari hii wakapewa uwaziri, tena wizara sita, kiongozi wao Steenhuisen akapewa kilimo. Alafu 2025 mambo ya bajeti yanafika bungeni DA wanapiga kura ya HAPANA, na kesho yake mawaziri wao wako ofisini wanapiga kazi kama kawa. Kwetu hapa waziri akipinga bajeti ya serikali si anatoka ukumbini anakuta dereva keshaondoka na gari? Hiyo serikali imeshikwa na nini hasa? Jamaa yangu mmoja anasema ule ni usanii walishapanga tangu mwanzo. Wajuzi mtupe darasa, matusi hapana.

Mbeya_Jozi

Mkuu mi niko huku Johannesburg napiga rangi magari, na wenyeji ninaofanya nao kazi hii habari ndo chai yao ya kila asubuhi, ngoja nikupe ninavyoielewa.

Kwanza huku mwananchi hampigii rais kura. Hakuna karatasi yenye picha ya mgombea urais kama huko kwetu, watu wanachagua chama, chama kinagawiwa viti kulingana na asilimia yake, alafu wabunge wenyewe ndo wanamchagua rais kutoka miongoni mwao. Viti viko 400. ANC walipata 159, DA 87, MK ya Zuma yule rais wa zamani 58, EFF ya Malema 39, IFP 17, PA ya Gayton McKenzie 9, waliobaki ni vyama vidogo vidogo vya viti sita, vitatu, hadi kimoja. Kwahiyo hakuna aliyefika 201. Kwa kura za moja kwa moja kama kwetu hili tatizo lisingekuwepo kabisa, rais anakuwa keshashinda hata kama bunge limejaa wapinzani, lakini huku bila wabunge huna rais.

Na katiba yao haina mchezo, matokeo yakishatangazwa bunge jipya lazima likae ndani ya siku 14. Matokeo yalitangazwa tarehe 2 Juni, kikao kikakaa tarehe 14 pale Cape Town kwenye jengo la mikutano maana bunge lenyewe liliungua moto Januari 2022. Watu wamekaa mule kutwa nzima mpaka usiku, na mkataba wa ANC na DA umesainiwa siku hiyohiyo kikao kinaendelea! Ndo mana ukaona spika katoka ANC, Thoko Didiza, naibu wake katoka DA. Usiku Ramaphosa kapata kura 283, Malema aliyesimama kupambana naye kapata 44. MK hata kuingia hawakuingia, walikuwa wanasema wameibiwa kura.

Wa_Kayole

Wueh, hiyo ya wabunge kukaa mpaka usiku imenikumbusha Januari 2008 hapa Nairobi. Watu hukumbuka tu Kibaki na Raila na Kofi Annan lakini wengi wamesahau ya kwamba bunge lenyewe halikuwa na mwenye wingi, ODM ya Raila walikuwa na viti 99 kati ya 210, PNU ya Kibaki 43, kina Kalonzo 16. Siku ya kuchagua spika ikapigwa raundi tatu, Marende wa ODM akashinda Kaparo 105 kwa 101. Tofauti ya kura nne! Sasa fikiria nchi inachomeka huko nje na ndani ya bunge mnahesabiana kichwa kwa kichwa.

Kalonzo alikuwa ashaingia upande wa Kibaki na kupewa makamu wa rais hata kabla ya spika kuchaguliwa, yani siku chache tu baada ya uchaguzi. Huyo ndiye alisoma hesabu mapema kuliko wote, viti 16 lakini vilimfikisha mbali. Baadaye Februari ndio tukapata nusu mkate, yani serikali ya kugawana kati ya Kibaki na Raila, na mawaziri 40 juu yake, kila mtu lazima apate kakipande.

Lakini buda, msilinganishe sana. Nusu mkate yetu ilitokana na damu, watu zaidi ya elfu walikufa. Hao wa South wamefika hapo kwa hesabu tu na hakuna mtu amechomewa nyumba. Hiyo peke yake mi nawapea heshima.

Mkaa Kijiweni

@Mbeya_Jozi asante mkuu, hapo pa rais nimeelewa. Lakini sasa mbona ANC wasitafute tu wabunge 42 wakawalainisha wakahamia kwao? Si tunajua hapa watu walivyokuwa wanahama "kuunga juhudi", leo mpinzani mkali wiki ijayo kavaa shati la kijani. Pesa ANC wanazo.

Mbeya_Jozi

Hahaha kuunga juhudi huku haipo mkuu. Zamani ilikuwepo, kulikuwa na kipindi maalum mbunge anaruhusiwa kuhama na kiti chake, wakaja kuifuta 2009. Sasa hivi ukihama chama unaacha kiti mezani, na tofauti na kwetu ni kwamba hakuna uchaguzi mdogo wa kukurudisha umevaa jezi mpya, chama ulichokikimbia kinachukua jina linalofuata kwenye orodha yao wanaingiza mtu mwingine. Kwahiyo ukimnunua mbunge umenunua mtu mmoja asiye na kiti, hasara tupu. Lazima uongee na CHAMA, na chama kinataka wizara.

Sasa shika kalamu. ANC 159 ukiongeza EFF 39 unapata 198, imepungua mitatu tu! Kina Lesufi wa ANC, kiongozi wa jimbo la Gauteng, walikuwa hawataki kabisa kusikia DA, na vyama vya wafanyakazi COSATU na wakomunisti wa SACP vilevile, hao wote wangefurahi kwenda na EFF na vichama viwili vitatu. Ila Malema alishasema DA ikiingia yeye haingii, na soko la fedha lilikuwa linatetemeka kila likisikia jina lake. ANC na MK ni 217, inatosha kabisa, lakini Zuma sharti lake Ramaphosa aondoke kwanza, hapo unamwambia mtu ajichinje ndo mle pamoja. Ikabaki DA.

Na hili la bajeti, hapa wengi wanachanganya. Kumwondoa rais kwa kura ya kutokuwa na imani kunataka 201, nusu ya bunge zima na moja. Kupitisha jambo la kawaida kunataka tu wengi wa waliopiga kura siku hiyo. Tarehe 2 Aprili 2025 ile kura ya mpango wa mapato na matumizi ilipita 194 kwa 182, haikufika hata 201, na ilisukumwa na ActionSA ambao hawamo hata serikalini. DA walipiga hapana na Freedom Front Plus, kachama kengine kaliko serikalini, nao hapana.

Sasa jumlisha DA 87, MK 58, EFF 39. Ni 184. Yani wapinzani wote wakubwa wakiungana, jambo ambalo halitokei maana DA na EFF wanachukiana kuliko wote wanavyoichukia ANC, bado hawafiki 201. ANC hawezi kutawala peke yake lakini pia hang'oki. Hiyo ndo gundi yenyewe mkuu. Urafiki wala mkataba hauna kazi kubwa hapo, ni ile 184.

Nyundo_Nzito

Mnaremba sana. Hii kitu iko hivi, ANC na DA kwenye mambo ya uchumi hawana tofauti kubwa, wale wanaogombana ni wanachama wa chini. Angalia wizara, ANC wamejibakizia fedha, mambo ya nje, ulinzi, polisi, umeme, yani kila kitu chenye misuli. Kati ya mawaziri 32 wao wana 20 na asilimia zao 40. DA wamepewa kilimo, uhamiaji na vitambulisho, elimu ya shule, mawasiliano, majengo ya serikali, mazingira. McKenzie kapewa michezo. Sasa hapo nani kamla mwenzie?

Na mwananchi wa kawaida kabla ya uchaguzi alikuwa na ukosefu wa ajira zaidi ya asilimia 32 na miaka ya mgao wa umeme, ndo mana ANC iliadhibiwa, waliojitokeza kupiga kura wenyewe hawakufika hata 59%. Huyo hajali nani kakaa na nani.

Mbeya_Jozi

Nyundo hapo kwenye wizara uko sahihi, DA wenyewe walilalamika wiki nzima kabla baraza halijatangazwa tarehe 30 Juni, kuna barua zilivuja zikawatia aibu walivyokuwa wanaomba. Ila kusema hawana tofauti sikubaliani. Mwananchi hajali vipi wakati VAT imebaki 15 kwa sababu ya huo ugomvi? Waziri wa fedha Godongwana alitaka kuipandisha mpaka 17, Februari 2025 bajeti ikaahirishwa saa chache kabla ya kusomwa maana hawakuwa na kura. Machi akarudi na nusu pointi sasa na nusu nyingine mwaka unaofuata. Ikapita ile ya 194, DA wakaenda mahakamani, EFF nao wakaenda mahakamani, alafu Aprili 24 usiku wa manane serikali ikasalimu amri. Bajeti ikasomwa mara ya tatu mwezi Mei bila nyongeza. Miaka ya nyuma ANC na viti 230 ingekuwa imepita mchana mmoja na wewe dukani unalipa. Mi nanunua rangi na thina huku, hiyo pointi moja naijua.

Bint_Makunduchi

Asalaam aleykum. Mie nataka niseme jambo maana hao wa Afrika Kusini wanaiita serikali yao ya umoja wa kitaifa, na naona kila mtu akisikia jina hilo anadhani ni kitu kimoja. Sisi Zanzibar SUK yetu, yaani Serikali ya Umoja wa Kitaifa, imeandikwa kwenye katiba, tuliipigia kura ya maoni Julai 2010, asilimia 66 wakasema ndio, na Maalim Seif wa CUF akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Yaani chama cha pili kikifika asilimia kumi kinaingia serikalini kwa haki yake, si kwa hisani. Lakini sasa mshindi haihitaji hata kura moja ya yule mwenziwe barazani. Ndio ilipofika 2016 CUF walisusia ule uchaguzi wa marudio, serikali ikaendelea bila wao hadi Disemba 2020 aliporudi Maalim na ACT, na miezi miwili baadae akafariki, Mungu amrehemu.

Hao wenzetu wa kusini ni kinyume chake. Hawana katiba inayowalazimisha, ile ya lazima waliifanya 1994 tu, na chama cha de Klerk kikatoka 1996. Ya safari hii imeandikwa kwenye karatasi ya makubaliano tu, lakini bila ya DA vyama vyote vilivyosaini vinabaki na viti 200 kamili, kimoja pungufu ya ile 201. Kwa hiyo DA ana kitu mkononi ambacho Maalim hakuwa nacho hata siku moja. Kaka Nyundo unauliza nani kamla mwenzie, mie nakwambia bora wizara ndogo na kura inayouma kuliko cheo kikubwa kisicho na kura.

Wa_Kayole

@Bint_Makunduchi sema tena dada. Sisi Raila alikuwa na cheo NA kura na bado alikuwa analalamika kuhusu mkeka wa heshima wanaotandikiwa wakubwa.

Nyundo_Nzito

Dada nimekusikia, lakini hiyo kura inayouma mbona hawaitumii? Juni 2025 Ramaphosa kamfukuza naibu waziri wao Whitfield kisa kasafiri Marekani bila ruhusa. Steenhuisen katoa masaa 48, nchi nzima ikashika roho. Masaa yakaisha wakatangaza wanajitoa kwenye... mjadala wa kitaifa ulioitishwa na Ramaphosa. Serikalini wamebaki. Kelele zote zile!

Bint_Makunduchi

Wakitoka wataenda wapi kaka? Wakitoka, ANC anamfata Malema, na hilo ndilo wapiga kura wa DA wanaloliogopa kuliko kufukuzwa naibu waziri mmoja. Kila mmoja kamshika mwenziwe pabaya.

Mkaa Kijiweni

Aisee nimepata kitu cha kwenda nacho kesho, hii ya 184 na 201 nawaandikia kwenye boksi la sigara kabisa. La mwisho tu, huko mikoani nako ikawaje? Nasikia kwa Wazulu Zuma alishinda lakini hatawali.

Mbeya_Jozi

Ndio mkuu. KwaZulu-Natal bunge la jimbo lina viti 80, MK walipata 37, wakapungukiwa vinne. IFP 15, ANC 14, DA 11, hao watatu ukijumlisha wana 40, EFF walikuwa na viwili, alafu kuna kachama kanaitwa NFP kana kiti KIMOJA. Hako kamoja kakaenda upande wa IFP na Thami Ntuli akawa waziri mkuu wa jimbo kwa 41 kwa 39. MK ndo chama kikubwa kwa mbali na wako nje wanachungulia. Gauteng ndo kichekesho kingine, baada ya uchaguzi wa 2024 ANC ya Lesufi ilikuwa na viti 28 kati ya 80, akawakataa DA, akachukua vichama vidogo na hata alipovijumlisha hakufika nusu, ikawa bajeti anaenda kubembeleza mmoja mmoja. Boss kaniita kuna bumper ya Polo inasubiri, mwenye swali aliache nitajibu usiku.