Namna ya kutembelea mji mkubwa wa ugenini bila kupotea kila tutokapo kituoni

Mwanaidi

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, tunatarajia kwenda Paris na baadaye Tokyo kwa matembezi, na tumeamua kutojiunga na kundi la watalii kwa sababu mama hapendi kuharakishwa. Kinachonitatiza si viza wala ndege, bali ni kuijua njia tukishafika. Nikiwa chini ya ardhi sipati shida, kwa kuwa njia za treni zina rangi na majina, lakini nikipanda ngazi na kutokeza barabarani sijui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Nikifungua ramani ya simu, ile alama ya buluu hurukaruka kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, nami huishia kutembea mwendo mrefu kabla ya kugundua kwamba niendako siko. Peke yangu ningevumilia, ila miguu ya mama haimudu kurudi nyuma mara kwa mara. Wenzangu mnafanyaje?

Kipanga

Dada Mwanaidi, alama hiyo hurukaruka kwa sababu inayoeleweka. Simu hupima muda ambao mawimbi ya redio yametumia kusafiri kutoka kwenye setilaiti kadhaa, na penye majengo marefu mawimbi hayo hugonga kuta kwanza ndipo yakufikie, hivyo simu ikakuweka mahali usipo. Ule mshale wa kuonyesha umeelekea wapi nao hutegemea dira ya sumaku, ambayo huvurugwa na vyuma vilivyo karibu, na mlangoni pa kituo vyuma havikosekani. Kwa hiyo mkitokeza, msianze kutembea. Sogeeni kando watu wapite, tafuteni kibao cha jina la mtaa na namba za milango, tazameni zinapanda kuelekea upande gani, kisha ndipo muirudie ramani.

Hata hivyo, lenye faida zaidi kwa maoni yangu ni kujua mapema mji wenyewe ulipangwa vipi. Paris imegawanywa katika wilaya 20 tangu mwaka 1860, nazo hujizungusha kutoka katikati kwenda nje kama gamba la konokono, kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Namba ya wilaya huandikwa juu ya jina la mtaa katika vibao vya buluu vilivyo ukutani, na ndiyo pia mwisho wa msimbo wa posta: 75018 ni wilaya ya 18, uliko mlima wa Montmartre. Namba za nyumba, tangu 1805, huufuata mto Seine. Mtaa unaotoka mtoni huanza kuhesabiwa mtoni, na mtaa unaokwenda sambamba na mto huhesabiwa kuelekea maji yanakotiririkia. Namba witiri zikiwa kushoto na shufwa kulia. Ukiwa katika mtaa wa aina ile ya kwanza na namba zinapungua kadiri unavyotembea, basi mto uko mbele yako, hata kama simu imezimika.

Kwa ajili ya mama, ningeiacha treni ya chini ya ardhi ya Paris kwa sehemu kubwa. Vituo vyake vingi havina lifti, isipokuwa njia ya 14, iliyofunguliwa mwaka 1998, ambayo vituo vyake vyote vinazo. Pandeni mabasi. Basi namba 69, kwa mfano, huanzia karibu na Mnara wa Eiffel, hupita jumba la makumbusho la Louvre na uwanja wa Bastille, na kuendelea hadi upande wa makaburi ya Père Lachaise. Mama ataketi, atauona mji dirishani, na hamtatokeza popote mkiwa hamjui mlikotokea.

Saburi

Kuhusu Tokyo, bibie, yasahau yote aliyoyasema Kipanga juu ya majina ya mitaa, kwa sababu mitaa mingi ya huko haina jina. Anwani hutaja kata, kisha kitongoji, kisha namba ya sehemu ya kitongoji hicho, kisha namba ya kitalu, kisha namba ya jengo ndani ya kitalu, kwa hiyo mtu anayetafuta nyumba kwa kufuata barabara moja kutoka mwanzo hadi mwisho anajichosha bure. Wenyeji huelekezana kwa kutaja kituo, lango la kutokea, na jengo linaloonekana ukishatoka.

Lango ndilo la kuzingatia kuliko yote. Kituo cha Shinjuku kina milango zaidi ya 200, na anayetokea lango lisilo lake aweza kuwa na mwendo mrefu wa kuzunguka. Kabla ya kuondoka hotelini andika jina la kituo pamoja na lango lake, kwa mfano A4, kisha ukishuka kwenye treni za chini ya ardhi fuata vibao vya njano tu. Hakikisha kwamba lango hilo lina lifti, maana si yote yaliyo nayo, na ramani za kituoni huonyesha yenye nayo. Jambo moja huwachanganya wageni wengi: katika ramani nyingi zilizosimikwa barabarani Japani, juu si kaskazini, bali ni upande ule uliouelekea ukiwa umesimama mbele ya ramani.

Mkikwama kabisa, karibu na vituo vingi kuna vibanda vidogo vya polisi, na kuwaelekeza watu njia ni sehemu ya kazi ya askari wake, wala si kuwasumbua.

Nahodha

Nakubaliana na wenzangu, ila nahofia mama atakuja kuona vibao na namba tu. Kupotea kidogo nako ni kutembea, mradi uchague pa kupotelea. Paris kuna mtaa wa Marais, ambao vichochoro vyake vingi vilisalimika wakati Haussmann, mkuu wa utawala wa mji, alipokuwa akibomoa na kujenga upya mji katika karne ya 19. Tokyo kuna Yanaka, mtaa wenye mahekalu mengi na nyumba zilizonusurika katika tetemeko la 1923 na mabomu ya vita. Yanaka iko jirani na kituo cha Nippori, kwenye njia ya treni ya Yamanote, inayouzunguka mji kwa kilomita 34.5 na vituo 30. Ukipanda ya upande usio wako bado utafika, utakuwa tu umekaa hadi takriban saa nzima, na mama atakuwa amepumzika.

Mwanaidi

Nawashukuru sana, na la basi mama amelipenda tayari. Limebaki moja: yeye hutumia simu ya vitufe isiyo na ramani. Milango ya treni ikifungwa mmoja wetu akiwa ndani na mwingine nje, tufanyeje?

Saburi

Kubalianeni kabla ya safari kwamba atakayehama ni wewe daima. Mama akibaki nje, asiondoke pale. Wewe ushuke kituo kinachofuata na kurudi. Akichukuliwa yeye, ashuke kituo cha kwanza na asimame papo hapo aliposhukia, asipande ngazi wala asivuke upande wa pili, nawe umfuate. Treni za Yamanote na za Métro ya Paris husimama kila kituo, kwa hiyo hapo hakuna utata; lakini katika RER, yaani treni za Paris ziendazo hadi vitongojini, na katika njia nyingine za Tokyo zipo treni zinazoruka vituo, hivyo soma kwanza kwenye skrini kama ile inayofuata itasimama alipo.

Mpatie pia kadi ya hoteli yenye jina na anwani kwa maandishi ya Kijapani, aitunze kwenye mkoba wake mwenyewe. Angalieni jina la tawi limeandikwa, kwa kuwa hoteli za kampuni moja zaweza kuwa kadhaa katika kata moja, na dereva wa teksi akiona jina la kampuni pekee hatajua ampeleke ipi.