Wakuu, mwanangu ameanza kumshtukia Santa na Krismasi ndo hiyo, nifanyeje?

Mama Wawili: Habarini wakuu. Niko Tanga, nina watoto wawili, wa kiume miaka 8 na wa kike 4. Tangu mkubwa akiwa mdogo nawaambia Santa anapita usiku wa mkesha. Naacha maandazi mawili mezani, wakilala nakula moja na nusu, namwaga unga mlangoni nakanyaga na buti la mvua, asubuhi wanaona nyayo wanapiga kelele nyumba nzima. Sasa juzi katoka tuisheni ananiuliza, mama, Santa anakuja na theluji, hapa theluji hamna, anafikaje Chumbageni? Nikamwambia anashukia bandarini anamalizia na bodaboda. Akanyamaza ila aliniangalia lile jicho. Nataka aamini mwaka huu mmoja tu. Nyie mnafanyaje?

Kata Mti: Miaka 8 na bado unamdanganya na unga? Unga wenyewe bei gani siku hizi.

Bibi Ngamiani: Mwanangu, sisi mambo ya Fadha Krismasi hatukuyajua. Krismasi ilikuwa pilau na gauni, tena mama anashonesha kubwa makusudi livaliwe miaka mitatu, mwaka wa kwanza unaburuza chini kama bibi harusi. Tunapeleka sahani kwa majirani Waislamu, Idi nao wanatuletea. Watoto wa sasa mmewazoesha vitu.

Mzee wa Mkonge: Umenikumbusha mbali. Tulikuwa tunaishi kambi ya mkonge, baba akajifanya Santa, joto la Tanga la Desemba unalijua, ndevu za pamba kabandika kwa gundi ya kuzibia pancha. Zilivyogoma kutoka! Kaingia mwaka mpya na kidevu kimebabuka.

Katekista: Mfundishe asili yake. Mtakatifu Nikolao alikuwa askofu wa Mira, leo ni Uturuki, karne ya 4, sikukuu yake tarehe 6 Desemba. Inasimuliwa kuna baba alikosa hela ya kuwaozesha binti zake watatu, Nikolao akawarushia dhahabu dirishani usiku, hakutaka ajulikane. Hapo hudanganyi mtu.

Mama Wawili: Asanteni. Ila zawadi ishafika, ni baiskeli, nimeificha kwa jirani Makorora, na kuna kijana wa bodaboda tushakubaliana avae nguo nyekundu ailete. Siwezi kurudi nyuma.

Nusu Shilingi: Dada, unaficha kitu. Kwa nini "mwaka huu mmoja tu"? Akijua mnunuzi ni wewe kuna ubaya gani?

Nusu Shilingi: Nasubiri jibu.

Mama Wawili: Haya. Sinunui mimi, ni baba yake mzazi, yuko Mombasa. Kila Desemba alikuwa anatuma hela, mwaka huu katuma baiskeli yenyewe kwa basi. Mume wangu alinikuta na mtoto wa mwaka mmoja, anajua yule bwana tulishamalizana, na mtoto anamjua huyu huyu ndo baba. Zawadi nilikuwa nasema hela ya kikoba, kikoba chenyewe kimevunjika mwezi wa sita na yeye anajua. Kukiwa na Santa hakuna anayeuliza bei. Na msinihukumu, hatuongei lolote zaidi ya muamala. Kwani kukataa haki ya mtoto ndo ningekuwa mwema?

Kata Mti: Kumbe anayetakiwa kuamini Santa ni mume 😂😂

Katekista: Nikolao alitoa kwa siri lakini hakuwa mzazi mwenza wa mtu. Mwambie mumeo kabla ya mkesha.

Bibi Ngamiani: Mume hadanganywi na baiskeli mwanangu, inapiga kengele.

Chuma cha Reli: Chai hii. Mwezi wa 8 ID hii hii ilikuwa inatafuta mchumba, ikasema haina mtoto na inaishi Korogwe. Nendeni mkasome wenyewe.

Mama Wawili: Ule uzi aliandika mdogo wangu kwa simu yangu.

Chuma cha Reli: Kila mtu humu ana mdogo wake. Weka picha ya baiskeli.

Mama Wawili: Picha siweki, mume wangu anasoma humu. Ni nyekundu, saizi 16, imekuja imefungwa maboksi, pedali ziko pembeni kwenye mfuko wa rambo. Na barua ya mtoto niliikuta jana chini ya sahani ya maandazi, nanukuu: "Santa naomba baiskeli. Ukija usikanyage unga mama anachoka kufagia."

Mzee wa Mkonge: Huyo anajua zamani. Anakutunzia wewe.

Kata Mti: Kama ni chai basi imekolea tangawizi.

Fundi Spoki: Mnabishana bure. Saizi 16 ni ya mtoto wa miaka mitano, wa miaka 8 magoti yatagonga usukani, huyo anakaa 20. Aliyenunua hakumpima mtoto?

Mama Wawili: Kachagua mwenyewe huko huko. Mara ya mwisho kumuona alikuwa bado anatambaa.