Dozi mara mbili, mtoto hana neno: mamake aambiwe?

Nesi_Likoni: Wenzangu, mtoto wa kilo 10 kapewa parasetamoli asubuhi, haikuandikwa, baada ya saa moja zamu mpya ikampa tena. Hana dalili. Mama aambiwe, au ni kumtia hofu bure?

Dawa_Tudor: Hesabu kwanza. Miligramu 15 kwa kilo ni 150, karibu mililita 6 za sirapu ya miligramu 120 kwa kila mililita 5. Mara mbili ni 300, bado mbali na kiwango cha sumu. Rukeni dozi inayofuata. Jumla ya saa 24 isipite miligramu 600. Muulizeni mama kama ana chupa yake mkobani, maana dozi zikirundikana ndipo ini huumia.

Bi_Wadi: Na utamuulizaje bila kumwambia? Aambiwe leo hii, na nesi mkuu, si mwanafunzi (tabia mbaya ya kumtuma mwanafunzi ipo). Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inawapa wagonjwa haki ya kuelezwa hali yao.

Nesi_Likoni: Na faili?

Bi_Wadi: Andika saa, kipimo na aliyearifiwa. Usifute kitu; ukikosea, kata kwa mstari mmoja na utie sahihi.