Mosin ya 1942 au Enfield? Natakiwa kujibu kabla ya Jumamosi

Mgeni_wa_Bolti: Wakuu, kuna mtu anauza bunduki mbili kuukuu za jeshi. Kibali ninacho, ila ni cha bunduki moja tu. Moja ya Mrusi (Mosin), nyingine ya Mwingereza (Enfield). Ya Mrusi bolti (kile chuma unachokivuta kwa mkono kutoa ganda na kuingiza risasi) inafunguka kwa taabu ukishapiga. Ya Mwingereza mbao zake zinavutia. Nichukue ipi?

KutuHainaAdabu: Mkuu, unatuletea mbuzi kwenye gunia. Mihuri inasemaje? Mwaka? Zinatumia risasi gani? Namba ya bolti inalingana na ya mtutu?

Mgeni_wa_Bolti: Samahani wakuu. Ya Mrusi ina pembetatu yenye mshale ndani, 1942. Nyingine imeandikwa 7.62MM 2A1, R.F.I. 1966, ila muuzaji anasema ni .303, ile risasi ya zamani ya Mwingereza. Ya Mrusi nayo nasikia ni 7.62. Kama zote ni 7.62, si risasi zitaingiliana?

JichoLaMtutu: Weee! Mosin inakula 7.62×54R, ganda lina ukingo unaojitokeza kitakoni. 2A1 inakula 7.62×51 ya NATO. Halafu hiyo si ya Mwingereza, R.F.I. ni kiwanda cha bunduki cha Ishapore, India. Angalia magazini, ina pembe za mraba na inabeba 12, si 10. Kwenye Mosin, pembetatu ni muhuri wa kiwanda cha Izhevsk. Ingekuwa Tula ungeona nyota.

Mzee303: Enfield ni Enfield. Hiyo ni .303 iliyobadilishwa mtutu tu. Chukua.

JichoLaMtutu: Shikamoo mzee, ila hapo sikubali. 2A1 zilitengenezwa mpya kwa risasi hiyo, na chuma chake kiliboreshwa.

Mzee303: Marahaba. Bado ni Enfield.

KitakoKirefu: Usiikimbie Mosin kwa sababu ya bolti. Yangu ilikuwa hivyohivyo. Risasi tatu za kwanza safi, ya nne nagonga mkono wa bolti kwa kipande cha ubao, watu wananicheka. Nikabadilisha kivuta-ganda, wapi. Nikasugua bolti mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi, wapi. Kumbe ni ile grisi ya ghalani, imekaukia kwenye chemba, pale risasi inapokaa, miaka na miaka. Mtutu ukipata moto inageuka gundi, inashika ganda. Nilitumia kiyeyushi na brashi ya shaba jioni nzima, vitambaa vinatoka vyeusi kama lami. Baada ya hapo inafunguka kwa vidole viwili.

KutuHainaAdabu: Au nafasi ya kichwa cha risasi... hapana, namaanisha nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda. Fundi aipime kwa geji kabla hujapiga. Namba kulingana si ushahidi kwamba bolti ni ya asili, nyingi zilikarabatiwa baada ya vita na kuandikwa namba upya.

KitakoKirefu: Na risasi za zamani fataki zake (kile kiwashio cha kitakoni) huacha chumvi. Osha mtutu kwa maji ya moto siku ileile.

Mzee303: Maji kwenye chuma? Mafuta yanatosha.

KitakoKirefu: Mafuta hayayeyushi chumvi, mzee. Maji kwanza, ukaushe, ndipo mafuta.

Mgeni_wa_Bolti: Namba ya bolti sikuiangalia. Alhamisi nakwenda na tochi. Halafu, nikichukua ya Mrusi naweza kukwangua ile vanishi nyekundu?

JichoLaMtutu: Usithubutu.

Mzee303: Kwangua, mbao za chini huwa nzuri.

KutuHainaAdabu: Haya, tumeanza. Mgeni, wakati uko huko tazama na mdomo wa mtutu, kama umelika upande mmoja.