Sensa za trafu za kunyaushia chai zinapotea jioni: ninunue getiwei ya pili?

FundiChai_Bushenyi
Wakuu, mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha chai huku Bushenyi. Mwezi wa tatu tulifunga sensa za joto na unyevu zisizo na waya, za Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vidogo visivyokula umeme mwingi), 2.4 GHz. Trafu, yaani vihori virefu vyenye wavu wa kulaza majani na feni za kupuliza hewa, ni 18, kila moja ina sensa yake ubavuni, usawa wa wavu. Getiwei, kifaa kinachopokea vipimo vya sensa zote, iko ofisi ya msimamizi, mwisho wa ukumbi.

Asubuhi trafu zikiwa tupu, zote 18 zinasomeka. Saa kumi malori yakianza kushusha majani, zinakatika moja moja. Kufika saa mbili usiku, sita au saba za mbali zimenyamaza, na usiku ndio ninaozihitaji! Mtu wa zamu asipojua jani limefikia wapi, feni zinapuliza hadi alfajiri, jani linakauka kupita kiasi na halichachi vizuri. Watu wamelichuma kwa mkono juani. Inaniuma sana kuliharibu mimi.

Muuzaji anasema ninunue getiwei ya pili. Nishaurini kabla sijaenda kwa meneja.

Antena_Mbarara
Pole fundi. Usinunue kitu bado. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa jani bichi ni maji, na maji humeza mawimbi ya 2.4 GHz. Ukijaza trafu 18, umejenga ukuta wa maji kati ya sensa na ofisi. Acha ncha ya kupimia chini kwenye jani, lakini kisanduku cha redio kipandishe juu kwa waya mfupi, kionane na getiwei.

Una rauta (vifaa vya Zigbee vya kupokeza ujumbe) ngapi katikati? Sensa ya betri hulala muda mwingi, haimpokezi mwenzake ujumbe. Anayepokeza ni rauta yenye umeme wa kudumu.

Bi_Mitambo
Ongeza hili: Wi-Fi ya ofisi iko chaneli gani? Zigbee ina chaneli 16, namba 11 hadi 26, na nyingi zinagongana na Wi-Fi. Ofisi zikitumia 1, 6 na 11, jaribu 25. Mitandao ya WirelessHART, aina nyingine ya redio za sensa za viwandani, hurukaruka chaneli yenyewe, ila bei yake ni nyingine kabisa.

Na tafadhali, joto la mashine ya kukaushia liache kwenye waya wa 4-20 mA (kipimo kinachosafiri kama mkondo wa umeme kwenye waya). Pale kuna moto. Redio iwe ya kuangalia tu.

FundiChai_Bushenyi
Asanteni mno. Rauta sikuwa nayo hata moja! Wi-Fi ilikuwa 6 na Zigbee yangu 17, zimelaliana. Nimehamia 25, nimepandisha visanduku vyote kwenye boriti, na rauta mbili nimezining'iniza katikati ya ukumbi. Jana usiku trafu zikiwa zimejaa, 17 zilisomeka hadi asubuhi. Iliyobaki ina betri iliyochoka, nadhani ilimalizwa na kurudia rudia kutuma.

Dada, mashine ya kukaushia sitaigusa.

Umeme ulikatika saa tisa usiku, rauta zikazimika mpaka jenereta iliposhika, na sensa zilichukua karibu dakika kumi kurudi.

Antena_Mbarara
Rauta mbili hazili umeme mwingi. Zipe betri ndogo ya 12 V yenye chaja.