Tupeane uzoefu: siku treni ya mwisho ilipotoka Nachingwea

Mwana Nachi: Leo nimepita kwenye tuta la reli ya zamani ya Mtwara hadi Nachingwea nikashindwa kuendelea na safari. Mnaoukumbuka mwaka 1962 ilipofungwa, au mliosimuliwa na wazee, semeni.

Mzee wa Masasi: Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa kwenye genge la mafundi wa reli, akahamishiwa Tabora. Ilikuwa tuondoke wote na treni ile hadi Mtwara, tupande meli. Alfajiri bibi akaamka na homa, hawezi hata kukaa. Baba akasema mmoja abaki amtekee maji, akanitazama mimi. Treni ilipopiga honi nikakimbia nayo ubavuni. Mama ametoa mkono dirishani, ananiambia, "Utakuja na inayofuata." Nilimwamini. Kila jioni nililaza sikio kwenye chuma nisikilize kama inakuja, mpaka siku walipokuja kuzing'oa reli zenyewe. Mama nilimwona tena nina miaka kumi na nne.

Binti Mkwaya: Hilo la sikio kwenye reli, marehemu baba alilisema vilevile.

Korosho Safi: Reli ile ilishakosa kazi 1951, mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulipoachwa. Ilijengwa kubeba karanga, karanga hakuna, ingebeba nini?

Mtwara Bandarini: Korosho je? Bandari imefunguliwa 1954, miaka minane tu mnafunga reli! Walifanya haraka.

Korosho Safi: Miaka minane ya hasara si haraka.

Binti Mkwaya: Mnabishana mahesabu na mtu ameachwa stesheni hapo juu. Pole sana babu.

Mchaga wa Moshi: Msikate tamaa. Sisi tulikaa miaka 25 bila treni ya abiria, Desemba 2019 ikarudi kutoka Dar. Watu walilia.

Mwana Nachi: Ndugu yangu, yenu ilisimama, reli zikabaki chini. Yetu iling'olewa. Usilinganishe.

Mchaga wa Moshi: Kweli. Nisamehe.

Mjukuu wa Fundi: Babu aliniachia misumari miwili ya reli ile. Niipeleke wapi?

Mtwara Bandarini: Makumbusho, leo hii.

Korosho Safi: Usithubutu. Ikiingia kabatini huko hutaiona tena. Mrithishe mwanao.

Binti Mkwaya: Kabla ya yote, mzee aishike.

Mzee wa Masasi: Njoo nayo, mjukuu wangu. Siku yoyote, nipo nyumbani.