Gari limeanza kunywa mafuta tangu injini ifunguliwe, nianzie wapi?

Habari zenu wakuu.

Nina Toyota Townace Noah ya 1997, injini 3S-FE ya petroli, gia otomatiki. Gari hili ndilo linaloilisha nyumba yangu: asubuhi wanafunzi, mchana mizigo. Miezi miwili iliyopita lilichemsha, gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini) ikaungua. Hedi ikashushwa, ikarandwa, ikafungwa gasketi mpya, mkanda wa taimingi mpya na plagi mpya. Kuchemsha kumekwisha kabisa. Maji hayapungui, oili ni safi, na asubuhi linawaka mara moja.

Shida ni mafuta. Zamani nilikuwa napata kilomita 9 kwa lita. Sasa nimejaza tangi mpaka pampu ikakata, nikatembea kilomita 252, nikajaza tena pampu ileile: lita 41. Nimerudia, jibu ni lilelile, kilomita 6 na kidogo. Njia haijabadilika, mzigo haujabadilika. Fundi anasema injini imefunguliwa, lazima izoee kwanza. Wengine wananiambia ninunue sensa ya oksijeni, wengine nozeli zote nne zinazonyunyizia petroli. Sina pesa ya kununua spea kwa kubahatisha. Naombeni msaada.

Spana 14
Pole sana mkuu. Umepima vizuri, maana wengi husoma mshale wa tangi tu.
Hilo la kuzoea lingekuwa na maana kidogo kama ungebadilisha ringi za pistoni. Hedi na gasketi havina cha kuzoea. Usinunue chochote bado. Fungua plagi zote nne utuambie rangi yake. Halafu tuambie: mlimani linavuta kama zamani? Na mshale wa joto unakaa wapi ukiwa safarini?

Dereva wa Zamu
Mimi ningeanza na taimingi. Mkanda ukifungwa ukiwa umeruka jino moja, injini inawaka na inatembea, ila inakuwa nzito na unakanyaga zaidi. Mafuta yanaenda hapo. Angalia pia mipira midogo ya hewa juu ya manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda), hasa unaokwenda kwenye sensa ya presha kama gari lako linayo. Hedi ikishushwa mipira hiyo huchomolewa, na mmoja ukisahaulika au ukipasuka, kompyuta ya injini inadhani injini imebeba mzigo mkubwa, inamwaga petroli.

Mleta uzi
Asanteni. Nimeinua kiti cha mbele nikafungua plagi mwenyewe. Zote nne ni nyeusi, masizi makavu kama ya kibatari, yanafutika kwa kidole. Mipira yote ipo mahali pake. Mlimani linavuta vizuri.
Mshale wa joto zamani ulikuwa unakaa chini kidogo ya nusu. Sasa unafika robo, na nikiteremka barabara kuu unarudi karibu na C, yaani baridi. Nilifurahia, nikajua rejeta imezibuliwa vizuri.

Bomba la Juu
Mkuu, hapo umeshajijibu. Themostati imeng'olewa.
Mafundi wengi gari likichemsha huing'oa ili mteja asirudi. Themostati kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, nyuzi 80 na kitu. Ikitolewa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na ukipata upepo wa barabarani injini inazidi kupoa. Sensa ya joto inaiambia kompyuta "bado baridi", na kompyuta inaongeza petroli kama inavyofanya alfajiri. Inafanya hivyo siku nzima. Ndiyo masizi yako hayo, plagi zote nne kwa pamoja.
Hakikisha kabla ya kununua. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa, ushike mpira mkubwa wa juu wa rejeta, mikono ikiwa mbali na feni. Themostati ikiwepo, mpira unabaki baridi dakika kadhaa, kisha unapata moto kwa ghafla. Ikiwa haipo, unapata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo.

Kilomita Nyingi
Mimi nilitoa yangu miaka mitatu iliyopita, sijawahi kuchemsha. Nchi za joto hazihitaji themostati.

Bomba la Juu
Ndugu yangu, joto la nje likifika hata nyuzi 40, bado ni nusu tu ya linalotakiwa ndani ya injini. Na petroli isiyoungua vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Unalipa kwenye mafuta, kisha unalipa tena kwenye ringi.

Spana 14
Mleta uzi, ukinunua mpya itazame namba iliyogongwa juu yake, tafuta 82. Kabla ya kuifunga itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, uchemshe. Isipofunguka kabla maji hayajatokota, irudishe dukani. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kikae upande wa juu ili hewa itoke. Jaza maji taratibu hita ikiwa kwenye moto kabisa, na usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

Mleta uzi
Wakuu, mpira wa juu ulianza uvuguvugu ndani ya dakika mbili. Nikafungua nyumba ya themostati: tupu, kuna alama ya bisibisi tu pale ilipong'olewa. Nimeumia, kwa sababu nilimuuliza fundi mara tatu akasema kila kitu kimerudishwa.
Nimefunga mpya baada ya kuichemsha, nikasafisha plagi. Mshale umerudi chini kidogo ya nusu na hautikisiki. Nimepima jana: kilomita 262, lita 31. Ni karibu kilomita 8.5 kwa lita.
Kuna jambo moja tu. Nikisimama, rimu ya nyuma kushoto ina moto kuliko ya kulia, mkono haukai.

Dereva wa Zamu
Breki inashika hiyo. Inua nyuma, gia kwenye N, breki ya mkono chini, zuia magurudumu ya mbele yasibiringike, uzungushe gurudumu hilo kwa mkono. Linganisha na la kulia. Kama ni zito, fungua dramu uangalie silinda ya breki na kebo ya breki ya mkono.

Mleta uzi
Naliinua kesho asubuhi kabla ya wanafunzi.